Riba ya kadi ya mkopo Marekani: rungu liko mkononi mwa nani?

Swali la msomaji:

Habari za kazi, kaka. Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Nina kadi ya mkopo yenye deni la dola 6,400 kwa riba ya asilimia 28.99. Nilipiga simu ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, nikaambiwa kwenye suala la riba benki hiyo haiko chini yao. Benki nayo inasema haijavunja sheria yoyote. Kwenye chama chetu tulibishana mpaka chai ikapoa: mmoja anasema hiyo ni kazi ya Fed, yaani benki kuu ya Marekani, mwingine anasema CFPB, ile ofisi ya shirikisho ya kuwalinda wateja wa mabenki, mwingine anataka kila jimbo lijipangie. Ni nani hasa anayesimamia riba hii? Na kwa maoni yako, nani angefaa kuisimamia? Halafu nina kijana aliyeingia jeshini mwaka jana, naye ana deni la kadi la tangu akiwa chuoni. Na yeye ni hivyo hivyo?

Jibu:

Dada yangu, habari ni njema, na pole kwa hiyo 28.99.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: hakuna. Hakuna ofisi Washington wala Saint Paul, makao makuu ya jimbo lenu, yenye uwezo wa kuiambia benki yako kwamba asilimia 28.99 imezidi, ishushe. Wasimamizi wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. Watakagua kama namba hiyo ilichapishwa kwenye jedwali la maombi kwa herufi za ukubwa wa pointi 16. Watakagua kama ulipewa notisi ya siku 45 kabla ya riba kupanda. Watakagua kama malipo uliyoyaleta juu ya kiwango cha chini yalipelekwa kwenye deni lenye riba kubwa zaidi kwanza. Mimi nimekaa miaka kadhaa kitengo cha uzingatiaji wa sheria kwenye benki inayotoa kadi. Wakaguzi walipokuja tulihangaika kutafuta makaratasi usiku kucha, na walituuliza mengi. Sikuwahi kumsikia mmoja wao akiuliza kwa nini 28 na isiwe 20. Haikuwa kazi yao kuuliza.

Kwa hiyo mwenzenu aliyesema Fed, aliyesema CFPB na aliyesema majimbo, kila mmoja ameshika kipande. Namba yenyewe haina mwenyewe, na haikupotea kwa bahati mbaya.

Kisa chenyewe kilianzia hapo hapo kwenu. Miaka ya 1970 benki moja ya Nebraska, First National Bank of Omaha, ilikuwa ikiwapelekea watu wa Minnesota kadi za BankAmericard, zile zilizokuja kuitwa Visa. Nebraska iliruhusu asilimia 18 kwa deni lisilofika dola 1,000. Minnesota iliishia 12. Benki ya Minneapolis iliyoitwa Marquette National Bank, ambayo kwa kubanwa na hiyo 12 ilikuwa ikiwatoza wateja ada ya dola 10 kwa mwaka, iliona inaibiwa wateja na mgeni asiyefuata sheria za nyumba. Ikaenda mahakamani. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 18 Desemba 1978 majaji wote, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji William Brennan, wakaipa ushindi benki ya Omaha. Sheria ya benki za taifa, iliyotungwa enzi za Abraham Lincoln, inairuhusu benki kutoza riba ya jimbo ilipo benki. Mteja yuko wapi, si hoja. Brennan hakujifanya haoni kwamba uamuzi huo unaziacha sheria za riba za majimbo zikiwa na tundu. Alisema anayetaka kuliziba aende Kongresi, yaani Bunge la Marekani. Liweke akilini hilo neno, nitalirudia.

Wakati huo mfumuko wa bei ulikuwa unapaa, na Fed chini ya Paul Volcker ikazipandisha riba zake hadi karibu asilimia 20. Citibank ya New York ilikuwa inakopa ghali na kukopesha rahisi, kwa sababu sheria ya New York ilikomea 18 kwa dola 500 za kwanza na 12 kwa zinazozidi hapo. Ikatafuta mahali pa kuhamia. Dakota Kusini, jimbo la wakulima lililokuwa na njaa ya ajira, chini ya Gavana Bill Janklow likaondoa ukomo wake wa riba mwaka 1980 na kuikaribisha Citibank. Mwaka 1981 biashara ya kadi ikahamia Sioux Falls. Mwaka huo huo Delaware, chini ya Gavana Pete du Pont, ikatunga sheria yake ya kuyavuta mabenki. Ukiitazama anwani ya benki kwenye makaratasi ya kadi yako, sitashangaa ukikuta Sioux Falls au Wilmington ya Delaware. Wewe uliombea kadi jikoni kwako Minnesota, lakini kisheria mkopo wako una kwao kwingine.

Yaliyofuata yalikamilisha kazi. Sheria ya 1980 ikazipa benki zenye leseni za majimbo ruhusa ile ile ya kusafirisha riba. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hata faini ya kuchelewa kulipa ihesabiwe kama riba, nayo isafiri. Leo Katiba ya Arkansas inasema mkopo wa mlaji usizidi asilimia 17, na mtu wa Little Rock ana kadi ya 29 mfukoni kama wewe. Kuna kichekesho kingine: mwaka 2016 wananchi wa Dakota Kusini wenyewe, takriban robo tatu ya waliopiga kura, walipitisha ukomo wa asilimia 36 dhidi ya wakopeshaji wa haraka haraka. Mabenki hayakuguswa. Jimbo hilo hilo ndilo linaloazimisha riba kwa nchi nzima.

Ndiyo maana ofisi ya Mwanasheria Mkuu wenu ilikujibu vile. Haikukudharau. Mikono yake ilifungwa kwenye kesi iliyoanzia mtaani kwake.

Sasa hao wasimamizi. Angalia jina la benki kwenye mkataba wako. Likiishia na herufi N.A., hiyo ni benki ya taifa, na msimamizi wake ni OCC, ofisi iliyo ndani ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Hii ndiyo inayoshika mabenki mengi makubwa ya kadi. Kazi yake ya kwanza ni afya ya benki: mtaji upo, hasara haijazidi, mambo yanakwenda. Gharama zake hazilipwi na bajeti ya serikali, zinalipwa na michango ya mabenki inayoyasimamia. Benki inaweza kubadili leseni ikahamia kwa msimamizi mwingine na mchango wake ukaenda naye. Sisemi kwamba watu wa OCC hawana uadilifu. Niliokutana nao walikuwa wakali kweli kweli. Nasema ukiiweka riba ya mteja kwenye mizani na faida ya benki, ofisi ambayo jukumu lake ni benki isife itasoma faida kama dalili ya afya. Na historia yake kwa majimbo si nzuri. Mwaka 2004 ilitoa kanuni za kuzikinga benki za taifa dhidi ya sheria nyingi za majimbo, hata kujaribu kuwazuia wanasheria wakuu wa majimbo wasizifikishe benki hizo mahakamani. Mwaka 2009, katika kesi iliyobeba jina la Andrew Cuomo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa New York, Mahakama ya Juu ikasema hapo ilivuka mpaka.

Fed na FDIC, shirika la bima ya amana, zinasimamia benki zenye leseni za majimbo, na hazikutofautiana sana na OCC kwa mtazamo. Lakini Fed tuikalie kidogo kwa sababu ndiyo aliyoitaja mwenzenu, na ana sababu ya kuitaja. Riba ya kadi nyingi ina vipande viwili: riba ya msingi ya mabenki, ambayo hufuata riba ya Fed kwa kuizidi pointi tatu, na nyongeza ya benki yenyewe. Desemba 2025 Fed iliposhusha riba yake hadi kati ya 3.50 na 3.75, riba ya msingi ilitua 6.75. Toa hiyo kwenye 28.99 yako: zinabaki pointi 22.24. Hizo Fed haizijui. Ni za benki. Ripoti ya CFPB ya Februari 2024 ilionyesha wastani wa riba za kadi ulipanda kutoka 12.9 mwishoni mwa 2013 hadi 22.8 mwaka 2023, na karibu nusu ya kupanda huko ilitokana na nyongeza ya mabenki, si na Fed. Kwa hiyo anayengoja Fed ishushe riba ili kadi yake ipoe, anangoja robo ya moto izimwe.

Je, Fed ipewe rungu? Ilishawahi kupewa linalofanana nalo. Machi 1980 Rais Jimmy Carter alitumia sheria ya 1969 ya kudhibiti mikopo, na Fed ikayataka mabenki yaweke akiba maalumu ya asilimia 15 juu ya ongezeko la mikopo ya walaji. Haikuwa hata ukomo wa riba. Watu walielewa tu kwamba Rais amewaambia waache kukopa. Wengine walikata kadi vipande wakavituma Ikulu kwa posta. Matumizi yakaanguka, uchumi ukaanguka nao, na Julai hatua hizo zikafutwa. Tangu hapo Fed huliogopa jambo hili kama paka aliyeungua maji. Isitoshe, sheria ya ukweli katika mikopo ya 1968 iliwapa Fed kazi ya kuandika kanuni za kumlinda mkopaji, wakaishika zaidi ya miaka 40. Mabenki yalikuwa yakipandisha riba ya deni la zamani siku yoyote na kwa sababu yoyote, hata kwa kuwa ulichelewesha bili ya umeme isiyowahusu. Kanuni ya kukomesha mtindo huo Fed iliitoa Desemba 2008, na ikapanga ianze Julai 2010. Kongresi haikungoja. Ilipitisha sheria ya kadi, Rais Barack Obama akaisaini tarehe 22 Mei 2009, na mengi yake yakaanza Februari 2010. Unapoambiwa kwamba benki haiwezi kupandisha riba ya deni ulilokwisha kulitumia mpaka uchelewe siku 60, hiyo ni sheria ya Kongresi. Taasisi inayolala na kuamka ikifikiria bei za nchi nzima haiwezi kukumbuka bahasha yako.

CFPB ilizaliwa kwa sababu hiyo. Ilifungua milango tarehe 21 Julai 2011, ikachukua kanuni kutoka Fed na ukaguzi wa walaji kwa kila benki yenye mali inayozidi dola bilioni 10. Hii ndiyo ofisi pekee ambayo kazi yake ya kwanza ni mteja. Sasa sikiliza ajabu: sheria iliyoiunda, ya 2010, ina mstari unaosema wazi kwamba CFPB haina mamlaka ya kuweka ukomo wa riba ila Kongresi ikitunga sheria ya kuipa. Wabunge walimwajiri mlinzi, wakamkabidhi tochi, firimbi na daftari, kisha wakaandika kwenye mkataba wake asikaribie mlango mmoja.

Na hata pale alipokuwa na ruhusa, angalia yaliyompata. Sheria ya 2009 inataka faini ya kuchelewa iwe ya kadiri. Machi 2024 CFPB ikatoa kanuni ya kuishusha kwa watoaji wakubwa hadi dola 8, kutoka wastani wa dola 32. Vyama vya mabenki na wafanyabiashara vikaikimbiza mahakamani Fort Worth, Texas, kanuni ikazuiwa kabla ya kuanza. Utawala ukabadilika Washington. Aprili 2025 CFPB yenyewe ikaungana na walioishtaki kuomba kanuni ifutwe, jaji akaifuta. Mwaka huo huo kiwango cha juu cha fedha inachoweza kuchukua CFPB kutoka Fed kilikatwa kutoka asilimia 12 ya gharama za Fed hadi 6.5. Hiyo ilikuwa faini tu. Fikiria ingekuwa riba.

Umebaki mmoja ambaye kwenye chama hamkumtaja, na mimi ndiye ninayempenda. Anaitwa NCUA, msimamizi wa vyama vya akiba na mikopo vyenye leseni ya shirikisho, zile SACCO za Wamarekani. Huyu anao ukomo wa riba, leo, unaofanya kazi, kadi zikiwemo. Sheria inasema asilimia 15, lakini bodi yake inaweza kuupandisha kwa muda usiozidi miezi 18, ikiwa riba za soko zimepanda na vyama viko hatarini. Tangu Mei 1987 bodi imeuweka kwenye 18, na kila muda ukiisha hukaa tena na kuuhuisha. Fed imepanda na kushuka mara ngapi tangu 1987? Imefika sifuri mara mbili, ikapita tano mara kadhaa. Ukomo ukabaki 18, na vyama vikaendelea kutoa kadi. Ndipo ninaposhindwa kumwelewa mtu wa benki kubwa anayeniambia kadi haiwezekani chini ya 25. Utafiti wa CFPB wa 2024 ulikuta watoaji wakubwa 25 wakitoza pointi 8 hadi 10 zaidi ya benki ndogo na vyama hivyo. Tofauti ya namna hiyo haielezwi na umaskini wa wateja peke yake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Namba iwekwe na Kongresi, ndani ya sheria, na isiachiwe ofisi yoyote. Nasema hivi nikijua Kongresi ni mlima. Lakini ukomo utakaowekwa na ofisi utakuwa na maisha ya utawala mmoja. Faini ya dola 8 imetuonyesha. Ukomo wa Rais peke yake nao ni upepo. Januari 2026 Rais Donald Trump alitoa wito kadi zote zishuke hadi asilimia 10 kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe 20 ya mwezi huo. Wewe umeniandikia na 28.99 yako, basi jibu unalo: wito hauna meno ya sheria. Seneta Bernie Sanders na Seneta Josh Hawley, watu ambao kwa kawaida hawawezi kukubaliana hata saa ya chakula, mwezi Februari 2025 walileta muswada wa ukomo wa asilimia 10. Njia hiyo ndiyo sahihi. Namba ndiyo inayonipa wasiwasi.

Wewe na mimi tumetoka Kenya, tunajua kwa nini. Mwaka 2016 Bunge letu liliweka riba ya mikopo isizidi pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Tulishangilia. Mabenki yakafanya hesabu, yakaona ni heri kununua hati za serikali kuliko kumkopesha mama wa duka, na mama wa duka akahamia kwenye programu za simu zilizokuwa hazina msimamizi kabisa na zilitoza kwa wiki. Ukomo ukafutwa Novemba 2019. Wakopeshaji wa simu walikuja kuwekwa chini ya Benki Kuu ya Kenya kwa sheria ya 2021 na kanuni za 2022. Somo nililolipata mimi ni kwamba namba ilikuwa chini mno, na uzio ulizunguka nyumba moja wakati kijiji kilikuwa na nyumba kumi.

Asilimia 10 wakati riba ya msingi ni 6.75 inaacha pointi 3.25 za kulipia hasara, ulaghai, mishahara na mitambo. Wenye alama nzuri za mikopo watabaki na kadi. Anayetunza wazee kwa zamu mbili, aliyewahi kuchelewa mwaka juzi, atafungiwa. Mimi ningefunga ukomo kwenye riba ya msingi na kuongeza pointi 12 hivi: kwa riba ya msingi ya 6.75 ni 18.75, jirani kabisa na ile ya SACCO, na Fed ikipandisha, unapanda nao bila mtu kulia hasara. Na uwahusu wote wanaokopesha mlaji, wa kadi na wasio wa kadi, ili tusirudie ya Nairobi.

Usimamizi wa kila siku ningeuacha CFPB, pamoja na udhaifu wake wote. Ukomo hauji peke yake: benki ikikatazwa riba itatafuta ada, ikikatazwa ada itatafuta bima usiyoiomba, na wa kuifukuzia huko ni yule anayesoma malalamiko ya wateja kila asubuhi. OCC haisomi hivyo. Juu ya hapo ningewapa wanasheria wakuu wa majimbo haki ya kuishtaki benki ya taifa kwa kuvunja ukomo huo wa shirikisho, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Yaani mwenzenu wa majimbo apewe nusu ya hoja yake: jimbo lisiweke namba, kwa sababu litatokea jimbo moja lenye njaa ya ajira kama Dakota Kusini ya 1980, lakini liwe na meno ya kuitetea. CFPB ikilazwa usingizi na utawala fulani, basi Saint Paul iwe macho.

Hayo ni ya Kongresi. Wewe una dola 6,400, na kwa 28.99 zinakula dola 5 na senti 8 kila kunapokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwezi ukiisha dola 150 na ushei zimekwenda kabla deni halijaguswa. Nenda kwenye chama cha akiba na mikopo chenye neno Federal kwenye jina lake, uombe mkopo au kadi ya kulihamishia deni. Hawawezi kukuzidishia 18, na kwa 18 riba ya mwezi inashuka hadi dola 96. Uliza ada ya kuhamisha kabla ya kusaini. Wakikukatalia, ipigie benki yako simu uombe mpango wa wateja waliobanwa. Upo, hawautangazi, na anayepokea simu ya kwanza mara nyingi hana mamlaka nao, kwa hiyo omba kupelekwa juu. Malalamiko kwa CFPB hayatashusha riba, lakini kama kuna notisi hukuletewa au malipo yalipangwa vibaya, yaandike: kwa kawaida benki hutakiwa kujibu ndani ya siku 15. Wanaojitangaza redioni kwamba watakufutia nusu ya deni, waachie redio yao. Na usichelewe siku 60, maana hapo ndipo ulinzi wa 2009 unapokuacha.

Kijana wako ni hadithi nyingine kabisa, na nimeiacha mwisho kwa sababu ni habari njema. Deni la kadi alilolifanya kabla ya kuingia jeshini linalindwa na sheria ya nafuu za wanajeshi ya 2003, mrithi wa sheria ya 1940. Kwa muda wote alio kazini, riba yake isizidi asilimia 6. Inayozidi hapo inafutwa kabisa, hailimbikizwi kungoja atoke, na hesabu inarudi nyuma hadi siku alipoanza kazi. Hata ada zinahesabiwa ndani ya hiyo 6. Kadi atakazochukua akiwa jeshini tayari ziko chini ya sheria nyingine, ya 2006, inayokomea 36, na kanuni zake zimeandikwa na Wizara ya Ulinzi. Kumbe msimamizi wa riba anaweza kuwa hata jenerali.

Benki si lazima imtafute, yeye ndiye aitafute. Aandike barua inayotaja namba ya akaunti na kuomba riba ishushwe hadi 6 kwa mujibu wa sheria hiyo, aambatanishe nakala ya amri yake ya kuitwa kazini, aipeleke kwa posta yenye risiti au kwenye ukurasa wa wanajeshi wa benki, abaki na nakala. Anaruhusiwa kufanya hivyo hadi siku 180 baada ya kumaliza utumishi, lakini mwambie aandike wiki hii. Wakimzungusha, aende ofisi ya msaada wa sheria kambini. Mashauri ya namna hii hufikishwa Wizara ya Sheria, na mabenki yanalijua hilo vizuri.